Nusu ya Risasi

Baba yangu alikuwa fundi betri. Nyumba yetu ipo Tabora, upande ule wa mji ambako njia ya zamani ya misafara ilitoka kuelekea Ujiji, na baba alifanyia kazi uani, nyuma ya jiko. Watu walimletea betri za malori na za matrekta zilizokufa. Alizifungua, akamwaga asidi, akatoa sahani za ndani, na zile zilizochakaa kabisa aliziyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Madini yale laini ya kijivu, mazito kuliko yanavyoonekana, ndiyo risasi. Yakiyeyuka hung'aa kwa muda mfupi kama kioo, kisha hujifunika utando wa vumbi. Nilipokuwa mdogo sikujua kitu kizuri kuliko hicho.

Mdogo wangu alizaliwa nikiwa darasa la nne. Alijifunza kutambaa kwenye ua ule ule, na kama watoto wote, kila alichokiokota kilipitia mdomoni. Alipoanza shule tumbo lilimsumbua kila wiki. Alikuwa mwembamba, amepauka, na herufi hazikukaa kichwani mwake. Leo anaisoma "ba", kesho anaitazama kama mgeni. Mwalimu alimwita mvivu. Mama alimpa dawa za minyoo mara nyingi mpaka akachoka. Mwishowe daktari mmoja aliuliza swali ambalo wengine wote hawakuliuliza: "Baba wa mtoto huyu anafanya kazi gani?"

Damu yake ilichukuliwa, ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yaliporudi, daktari alimweleza baba kwa utaratibu kwamba binti yake ana risasi mwilini, na kwamba inatoka nyumbani.

Baba alirudi akaichukua ile sufuria, akaitoa uani, na hakuyeyusha tena. Alikodi watu wakakwangua udongo wa juu wa ua wote, wakaujaza kwenye viroba, wakaleta kokoto na udongo mpya. Tangu siku hiyo alichaji betri tu na kuuza mpya, na baadaye akaanza kufunga sola kwenye nyumba za watu. Kuhusu yaliyotokea, hakusema lolote. Nasi hatukumuuliza.

Tumbo la mdogo wangu lilitulia. Herufi ziliendelea kumkimbia. Alimaliza darasa la saba kwa shida, akaenda Sikonge kwa mama mdogo wetu, na huko akajifunza kufuga nyuki. Leo ana mizinga yake mwenyewe msituni, anauza asali na nta, na ni mcheshi kuliko sisi wote. Nasema haya mapema ili asihurumiwe bure. Lakini nilikua nikijua kwamba kuna kitu alinyang'anywa uani kwetu, na kwamba mimi, niliyezaliwa kabla kazi haijamzidi baba, niliachwa nacho.

Nilisoma kemia. Chuo nilichosoma kipo pwani, na profesa aliyenipokea kwenye maabara yake, mama mmoja mwenye sauti ndogo ambaye hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai, alikuwa anatafiti sola za aina mpya. Paneli zilizoenea kwenye mapaa yetu hutengenezwa kwa silikoni, ambayo huhitaji tanuri kali sana. Hizi za profesa zilitumia fuwele inayoitwa perovskaiti. Unaichanganya kama wino, unaitandaza juu ya kioo, unaikausha kwenye bamba lenye joto lisilozidi la kikaango cha chapati, na mbele ya macho yako wino ule wa manjano unageuka kuwa mweusi. Weusi ule hunasa mwanga vizuri ajabu. Nilipoiona mara ya kwanza niliwaza mapaa yote ya kutoka Igunga mpaka Urambo, na nikaona kitu ambacho hata sisi tungeweza kujitengenezea.

Wiki ya pili nilipewa nichanganye wino mwenyewe. Nikasoma maandishi kwenye chupa.

"Profesa," nikasema, "hii ni chumvi ya risasi."

"Ndiyo. Ndiyo inayofanya kazi kubwa humo."

"Inayeyuka kwenye maji?"

"Inayeyuka kiasi." Alinitazama. "Ni utando mwembamba kuliko unywele, na umefungiwa katikati ya vioo. Kwa nini unauliza?"

Sikumwambia siku hiyo. Nilivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, nikafanya kazi.

Likizo ile nilirudi nyumbani, na mdogo wangu alikuja kutoka Sikonge na dumu la asali. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla, kwa hiyo tulikuwa watatu tu.

"Hebu nieleze," baba aliniambia. "Huko unatengeneza nini hasa?"

"Sola, baba. Za aina nyingine, nyepesi, zinapakwa kama rangi."

Alifurahi. Alikuwa fundi sola sasa, na hakuna aliyemzidi kuuliza. "Zinapakwa na nini?"

Nikataja vitu vyote isipokuwa kimoja. Kisha nikaona mdogo wangu ananitazama, anasubiri, kama aliyesikia nimeruka hatua. "Na risasi," nikasema.

Baba aliweka kikombe chini. "Risasi ipi?"

"Ile ile."

Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Umetoka hapa, ukasoma miaka yote hiyo, ili ukairudie sufuria yangu?"

"Baba, ni kidogo sana."

"Hata mimi nilijiambia ni kidogo. Vumbi tu."

Mdogo wangu ndiye aliyetuokoa. "Dada, kwani haitoki?"

"Ikitoka yote haifanyi kazi vizuri. Wengi wamejaribu."

"Basi ipunguze," alisema, kama anayezungumzia chumvi kwenye mboga, akaanza kukusanya vikombe.

Niliporudi chuoni nilimweleza profesa habari yote, ya ua na ya mdogo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. Kisha akasema, "Ukitaka kupunguza risasi, mahali pake utaweka bati. Nalo bati litakutesa. Uko tayari kuteseka?"

Nikasema niko tayari. Sikujua nasema nini.

Bati ninalolizungumzia si mabati ya kuezekea. Ni yale madini meupe yaliyomo kwenye waya wa kulehemu. Kwenye fuwele hukaa mahali pa risasi bila shida, na hata hunasa sehemu ya mwanga ambayo risasi peke yake haiifikii. Shida yake ni hewa. Likikutana na hewa kidogo tu hubadilika, fuwele inajaa matobo, umeme unapotea njiani. Kila kitu lazima kifanyike ndani ya sanduku la kioo lililojazwa naitrojeni, ambalo unaingiza mikono kupitia glavu ndefu za mpira. Sanduku lilikuwa moja, na wanafunzi tulikuwa sita. Zamu yangu ilikuwa asubuhi, Jumanne na Ijumaa.

Nilianza na nusu kwa nusu. Seli za kwanza, yaani vipande vidogo vya sola vya kujaribia, zilitoka na ukungu wa kijivu, hazikutoa umeme wa kuwasha hata taa ndogo kama punje ya karanga. Nikabadilisha joto, nikabadilisha kimiminika cha kuyeyushia chumvi. Nikagundua kwamba chumvi ya bati tuliyonunua ilikuwa imeharibika tangu kwenye chupa, kwa hiyo kazi ya muhula mzima ilikuwa ya bure. Wanafunzi wenzangu waliotumia risasi tupu walikuwa wanaandika matokeo yao. Mmoja aliniambia kwa upole, "Wewe unapigana na hewa. Hewa haishindwi." Nilimjibu kwamba hata mimi sishindwi, kisha nikaenda chooni nikalia.

Kilichosaidia kilikuwa kitu kidogo. Nilianza kutia unga wa bati lenyewe, bati safi, ndani ya wino na kuukoroga kabla ya kuuchuja. Bati lililoharibika likawa linarudishwa hali yake na lile zima. Ijumaa moja utando ulitoka mweusi, laini, unang'aa, na ukabaki hivyo. Nilipima mara tatu kwa sababu sikuamini kipimo. Seli yenye nusu ya risasi ilitoa umeme karibu sawa na ile ya risasi tupu.

Nilimwita profesa. Aliangalia namba, akaniangalia mimi, akatabasamu, halafu akasema, "Ndani ya sanduku ni nzuri. Nje je?"

Nje, kwangu, ni Tabora. Jua la kwetu mwezi wa kumi, kabla ya mvua, halina mzaha, na mvua ikianza haina mzaha vile vile. Nilifunga seli zangu kwenye kopo lenye vipande vya kunyonya unyevu, nikapanda basi nikiwa nimezipakata, kupitia Igunga na Nzega mpaka nyumbani. Nusu yake zilikuwa za risasi tupu, ili nilinganishe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ziko wapi?" Hakuniuliza hata habari za safari.

Alinitengenezea fremu juu ya paa la stoo, imeelekea kaskazini. Alipoona vioo viwili vilivyobana utando katikati, aliuliza swali la fundi: "Pembeni umeziba na nini?" Gundi niliyotoka nayo chuoni ilikuwa inapasuka kwa joto, na nilijua. Mdogo wangu, aliyekuja makusudi kuona, akatoa kwenye kikapu bonge la nta ya njano inayonukia moshi. "Nyuki wanazibia mizinga yao," akasema. "Maji hayapiti."

Tuliziba seli tatu kwa nta yake. Kazi ilikuwa safi, hata baba aliisifu. Kesho yake saa saba mchana tulipanda kuangalia, tukakuta nta imetiririka mpaka chini ya fremu na seli zote tatu zimegeuka njano kuanzia pembeni. Mdogo wangu alishika kiuno. "Nta yangu imekukimbia, dada," akasema, na tukacheka, lakini mimi nilikuwa nahesabu moyoni Ijumaa zilizopotea.

Baba hakucheka. Alishuka, akaingia stoo, akarudi na tyubu kuukuu ya lori na mkasi. "Mpira huu unazuia hewa miaka na miaka. Ndiyo kazi yake. Ukiubana unakaa."

Nikamtazama nikiwa nimeduwaa. Mpira wa tyubu ni jamii ya mpira ule ule ambao maabara za nje huutumia kuziba sola za namna hii, ule ambao profesa alikuwa ameuagiza na haujafika. Tulikata vipande vyembamba, tukavizungusha pembeni katikati ya vioo, tukabana kwa vibanio vya chuma. Baba alitaka jambo moja zaidi, na hapo hakutaka ubishi: chini ya kila seli pawe na beseni. "Chochote kitakachodondoka," alisema, "kisiguse udongo wa hapa."

Seli zilidumu. Kila asubuhi na kila adhuhuri baba alipanda na mita yake, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, nami nilipokuwa chuoni alinisomea kwa simu. Mvua za kwanza zikaja, seli zikabaki nyeusi. Nilianza kuandika sura ya mwisho ya tasnifu yangu kichwani.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa wiki moja pale upepo ulipokuja. Ilikuwa alasiri, kabla ya mvua, na upepo ule uling'oa bati la choo cha jirani, likaruka ukuta, likatua juu ya fremu. Nilisikia vioo. Nilipofika kwenye ngazi mvua ilikuwa imeanza kwa nguvu, na baba alikuwa tayari juu ya paa, kanzu imelowa, anashikilia mabeseni yasipinduliwe.

"Shuka, baba! Utateleza!"

"Leta chupa!" akapiga kelele. "Leta chupa na kalamu!"

Nilileta. Seli mbili zilikuwa zimevunjika: moja ya risasi tupu, moja ya nusu. Tulisubiri mvua ipungue tukiwa tumechuchumaa pale juu, tukamimina maji ya kila beseni kwenye chupa yake, nikaandika.

Chuoni niliyapima maji yale. Majibu yalilingana kabisa na hesabu, na hayakunifurahisha. Maji ya seli ya nusu yalikuwa na risasi karibu nusu ya yale mengine. Nilimpigia baba.

"Imepungua, baba. Nusu."

"Mtoto akiyanywa hayo ya nusu?"

"Yatamdhuru," nikasema.

"Basi kazi haijaisha."

Ningeweza kuishia pale. Profesa mwenyewe aliniambia kwamba tasnifu imetosha, na ilikuwa kweli. Lakini sauti ile ya baba ilinikaa. Nikaanza kufikiri juu ya seli iliyovunjika: bati lipunguze risasi, sawa, na ile inayobaki, kwa nini iachwe itoke?

Jibu nilikuwa nimeishi nalo. Betri huongezewa maji safi yasiyo na chumvi, na baba huyatengeneza mwenyewe kwa kupitisha maji ya bomba kwenye mtungi mrefu wenye chembe ndogo za rangi ya kahawia, kama mayai ya samaki. Chembe zile hushika chumvi za madini na kuachia maji. Nilimpigia tena.

"Baba, zile chembe za mtungi wako. Zikikutana na risasi?"

Alifikiri. "Zinakamata chokaa, zinakamata chuma. Risasi nayo ni madini. Itapona wapi?"

Alinitumia mfuko kwa basi. Nilizikausha, nikazisaga unga laini, nikauchanganya na gundi angavu, nikaupaka nyuma ya seli, upande usiopokea mwanga. Mara ya kwanza ulibanduka. Mara ya pili unyevu uliobaki ndani yake uliiua seli kwa siku mbili. Nikajifunza kuukausha taratibu kwa siku tatu nzima kabla ya kuufikisha karibu na bati. Mwaka mwingine ulipita hivyo. Nilijifunza pia kutomjibu mtu anayeniuliza namaliza lini.

Mvua zilizofuata hatukungoja upepo. Nilipanga seli mpya kwenye fremu, kila moja na beseni lake, na siku mvua ilipoanza baba alipanda na nyundo. Mdogo wangu alikuwa amekuja. Sisi wawili tulimfuata, tukasimama kwenye ngazi. Baba alinyanyua nyundo, akaishusha bila kupiga, akamgeukia yeye.

"Mwanangu," alisema, "ile kazi yangu ya sufuria ilikuumiza. Nilijua tangu siku ile ya hospitali. Sikuwahi kukuambia. Nisamehe."

Mvua ilikuwa inamlowesha. Mdogo wangu alijipangusa uso. "Nilishakusamehe zamani, baba. Nilikuwa nasubiri useme." Kisha akaongeza, "Piga, tunalowa."

Akapiga. Kioo kimoja baada ya kingine, kwa utulivu, kama anayepigilia misumari.

Maji ya seli zenye bati na unga wa chembe yalikuwa na risasi kidogo sana. Mashine ilihangaika kuiona. Nilirudia kipimo mpaka fundi wa maabara akaninyang'anya chupa. Umeme wa seli hizo ulikuwa pungufu kidogo kuliko wa zile za risasi tupu, na maisha yake ni mafupi zaidi. Hilo nililiandika wazi kwenye tasnifu na nikaulizwa juu yake kwa saa nzima. Nilifaulu. Profesa alinipa kikombe cha chai, na chake akakinywa hadi mwisho.

Sasa ninafundisha Tabora, na nina chumba kimoja chenye sanduku dogo la naitrojeni ambalo lilitupwa na maabara nyingine, nami nikalitengeneza upya. Baba ameacha kazi, lakini mwaka jana aliwaita mafundi betri wote anaowajua, akawakalisha uani, akawaambia kwa kinywa chake yaliyompata binti yake. Wawili walikasirika wakaondoka. Watatu wamehamisha sufuria zao mbali na nyumba, na mmoja ameacha kabisa kuyeyusha. Anapeleka betri zake zilizokufa kwa wanunuzi wa viwandani.

Nami nimeshuka kutoka nusu. Ninajaribu robo ya risasi kwa robo tatu za bati, na bati, kama nilivyoambiwa, linanitesa. Seli za Jumanne iliyopita zilitoka na ukungu. Za Ijumaa zilikuwa nyeusi kwa siku moja na nusu, kisha zikafifia kuanzia katikati, jambo ambalo sijaliona kabla. Nimeandika kila kitu daftarini. Kesho asubuhi nitapunguza joto kidogo na kuzianza upya.